Kipanga wa Juu ya Tangi

Mtaani kwao kila ndege mwenye kucha za kukamata alikuwa mwewe. Awe mdogo awe mkubwa, akipita tu juu ya mapaa utasikia mtu anapiga kelele, "Mwewe huyo, ingizeni vifaranga," na milango inabamizwa nyumba baada ya nyumba. Dobi alikuwa akiyasikia hayo kutoka juu ya paa la ghorofa waliyokaa, mikono imejaa povu, na kila mara alisonya. Kwake yeye, mtu asiyetofautisha mwewe na kipanga alikuwa sawa na mtu asiyetofautisha shuka na foronya.

Hakujifunza ndege shuleni. Alifundishwa na madoa. Tangu mumewe alipofariki alikuwa akifua shuka za nyumba ya wageni na makoti meupe ya zahanati ya kona, na vyote alivianika juu ya paa lile la zege, kwenye kamba zilizofungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Mtu anayeanika vyeupe chini ya mbingu hana budi kuzijua hizo mbingu zimebeba nini. Kunguru waliiba vibanio. Njiwa walipanga mstari juu ya kamba na kuacha alama zao za kijani ambazo hata uzitie buluu hazitoki. Na mwewe, huyo alikuwa balaa peke yake.

Mwewe alimjua kwa mkia. Mkia wake una panda katikati, na akiwa angani anaupinda huku na huku kama dereva anayekata kona. Anaelea juu ya mtaa bila haraka, anachungulia majalala, anashuka kuokota utumbo, kichwa cha samaki, mfupa, chochote kisichompinga. Halafu anakula akiwa anaruka, na kwa kuwa hana adabu ya meza, nusu ya chakula chake humponyoka. Siku moja alimdondoshea Dobi mguu mzima wa kuku katikati ya shuka lililokuwa limeshakauka. Dobi alilifua upya huku akimtukana mwewe, mama yake mwewe, na mayai yote aliyowahi kutaga. Wapangaji wa chini walimsikia na kucheka mpaka wakashika mbavu.

Kipanga alikuja mvua zilipokatika. Dobi hakumwona kwanza yeye, aliona manyoya. Yalikuwa yanashuka polepole, laini, ya kijivu na meupe, yakitua juu ya shuka mbichi na kunata. Aliinua uso. Juu ya tangi la maji alikuwa ametua ndege mnene, mfupi, mwenye kifua cha mistari mistari na mkia mrefu ulionyooka, miguu yake ya njano imemkandamiza njiwa. Alikuwa akimnyonyoa kwa utulivu, kama mtu anayechambua mchele. Njiwa alikuwa bado anafumba na kufumbua jicho. Kipanga alisita, akamtazama Dobi kwa macho ya rangi ya kiini cha yai, kisha akaendelea na kazi yake.

Mtu mwingine angechukua fagio akamfukuza. Dobi alisimama palepale na beseni lake, mwili unamsisimka, na hakujua kama ni hofu au ni furaha. Maana alikuwa ameona jambo lingine pia: kamba zilikuwa tupu. Hapakuwa na njiwa hata mmoja. Siku ile, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, nguo zote zilishuka kama zilivyopanda, nyeupe pe, bila doa la kurudia. Akasema moyoni, karibu mgeni, kaa utakavyo.

Tatizo ni kwamba njiwa wale walikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa shemeji yake.

Fundi Friji alikaa nyumba ya ng'ambo ya uchochoro, nyumba ya chini yenye paa la bati na uwanja uliojaa majokofu mabovu. Alikuwa amemwoa dada mkubwa wa Dobi. Dada huyo ndiye aliyeanzisha ufugaji: alichukua magamba ya friji zilizoshindikana, akamwambia mumewe ayatoboe matundu, akayapandisha juu ya jukwaa la mbao nyuma ya nyumba, na njiwa wakakaa humo kama wapangaji. Enzi za uhai wake dada wawili hao walirushiana maneno kutoka paa hadi uwanjani karibu kila asubuhi. "Waambie wanao wamechafua shuka zangu." "Na wewe waambie shuka zako zimewazibia njia." Kisha jioni wanakula pamoja. Dada alipofariki, Fundi alibaki na wale njiwa na majina yote aliyowapa marehemu. Alipokuwa akiwamwagia mtama aliwaita mmoja mmoja, na sauti aliyotumia haikuwa sauti ya mwanamume anayeita ndege. Dobi aliijua sauti ile, na kila alipoisikia alijisikia vibaya, halafu akaangalia kamba zake safi akajisikia vizuri. Ndivyo alivyokuwa, na sioni haja ya kumpamba.

Mtu pekee aliyejua habari za kipanga alikuwa mjukuu wake. Binti yake Dobi alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, akiondoka alfajiri na kumwachia mama yake mtoto wa kike ambaye hata shule ya vidudu hajaanza. Walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukupumzika. Aliongea na beseni, aliongea na sabuni, aliongea na kivuli chake. Dobi alikuwa akianika upande mmoja wa paa na mtoto anacheza upande mwingine, shuka zikiwa katikati yao kama kuta, na hakuhitaji kumwona. Sauti ilimtosha. Maadamu Chiriku anabwabwaja, Chiriku yupo na ni mzima.

Alimfundisha ndege kama wengine wanavyofundisha watoto kuhesabu.

"Yule mwenye panda mkiani?"

"Mwewe," alijibu Chiriku. "Anaokota okota."

"Na yule mnene wa tangi?"

"Kipanga. Anakula vya moto tu."

"Na mzoga?"

"Hagusi. Hata umwekee kwenye sahani."

Dobi alicheka mpaka machozi. Kisha akainama, akamshika mtoto kidevu. "Sasa sikiliza. Habari ya kipanga ni yetu mimi na wewe. Babu Fundi usimwambie, atahuzunika. Sawa?" Chiriku alichukua kibanio kimoja kwenye ndoo akajibana nacho mdomo wa chini, kuonyesha kwamba mlango umefungwa. Alikaa nacho hivyo mpaka kikamwuma.

Njiwa waliendelea kupungua. Asubuhi nyingi Dobi alisikia mlio mfupi, kama kitambaa kinachochanwa, kisha kimya, kisha manyoya. Alikuwa akiyaokota juu ya kamba na kuyatia kwenye mfuko wa takataka haraka haraka, kabla hayajapeperukia uwanjani kwa shemeji. Kule nyuma ya tangi, kwenye mkaratusi mrefu, kulikuwa na kiota cha vijiti, na siku hizi kilikuwa kinalia. Vinywa vilikuwa vimeongezeka.

Siku moja Fundi alipanda ngazi mpaka juu ya paa, jambo ambalo hakuwa akilifanya tangu msiba. Alisimama kati ya shuka akiwa na bisibisi mfukoni na uso umemparama.

"Shemeji, Bibi Harusi haonekani."

Bibi Harusi alikuwa njiwa mweupe wa marehemu, aliyekuwa akitua begani kwake. Dobi alimjua. Alikuwa amezoa manyoya yake juzi.

"Labda amepotea njia," alisema.

"Hajapotea. Kuna kitu kinawamaliza, na mimi nikiwa kazini sikioni. Ndiyo maana nimekuja kwako, wewe unashinda na mbingu. Ni mwewe au ni kipanga?"

Dobi aliinamia beseni, akakamua koti ambalo lilikuwa limeshakamuliwa. "Kwani ina tofauti gani kwako?"

"Kubwa sana. Kama ni kipanga, basi ana kiota hapa karibu, na nitapanda hata kwenye huo mkaratusi na msumeno nikakitoe. Mimi napanda mapaa kila siku kufunga viyoyozi, mti haunishindi. Kama ni mwewe, huyo mpita njia, sina mti wa kumkatia."

Juu yao, ndani ya majani, kiota kililia kidogo kikanyamaza. Chiriku aliinua kichwa. Dobi alimtazama, na mtoto akaweka kidole mdomoni mahali pa kibanio.

Lilikuwa jambo la neno moja. Alifikiria kamba zilizojaa njiwa, madoa ya kijani, kufua mara mbili na mgongo huu usiokubali tena kuinama. Alifikiria pia yale macho ya njano, maana, niseme ukweli, alikuwa ameshampenda yule ndege. Alikuwa hodari, hakuombaomba, na hakumdondoshea mtu kitu.

"Ni mwewe, shemeji," alisema. "Mwenye mkia wa panda. Nimemwona kwa macho yangu."

Fundi alipumua. "Wewe ndiye mwenye macho hapa mtaani. Ukisema mwewe, ni mwewe."

Akashuka. Dobi alisikia hatua zake ngazini na akajiambia kwamba kazi imekwisha, kiota kimepona, na hakuna aliyeumia.

Siku iliyofuata alimwona Fundi juu ya bati la nyumba yake, anatembea kwa tahadhari akiwa na bakuli. Alikuwa anaweka vipande kwenye mgongo wa paa, kimoja hapa, kingine kule. Alipomwona Dobi anachungulia alimpungia mkono.

"Maini," alimwambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetangaza hali ya hewa. "Nimeyapaka ile dawa ya wadudu ninayowapulizia njiwa. Mwewe hachagui, si ndiyo? Atajiokotea mwenyewe."

"Na paka je?"

"Paka hafiki huku, bati linateleza. Njiwa hawali nyama. Na hakuna mtoto anayeweza kupanda hapa. Nimewaza kila kitu, shemeji, sitaki lawama."

Alikuwa mtu makini, na kweli alikuwa amewaza kila kitu alichoambiwa. Dobi alirudi kwenye beseni lake na, Mungu amsamehe, alicheka kimoyomoyo. Maini! Kipanga hagusi kilichokufa, hata umwekee kwenye sahani. Fundi angetega mpaka achoke. Kama kuna atakayedhurika ni mwewe, na yeye na mwewe walikuwa na kesi ya muda mrefu. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akimlaani mwewe kwa tabia moja tu, tabia aliyoijua kuliko mtu yeyote mtaani, na siku hiyo, siku iliyokuwa na maana, haikumjia akilini hata kidogo.

Wewe unayesoma labda umeshaiona. Yeye alikuwa ameshughulika na kuficha.

Mwewe walifika mapema kuliko alivyotarajia. Walizidi kuwa wengi, wakizunguka juu ya uchochoro taratibu, vivuli vyao vikipita juu ya shuka, juu ya ukuta, juu ya kichwa cha Chiriku, vikienda na kurudi. Mtaa mzima uliingiza vifaranga. Mchana mmoja mwewe mmoja alitua juu ya ukingo wa paa, karibu kabisa, jambo ambalo hawafanyi. Mabawa yake yalikuwa yamelegea pembeni. Alifungua mdomo wake wa njano, na mate yakamtoka, mate marefu kama ya mtu. Akamtazama Dobi bila kumwona. Miguu ikaanza kumtetemeka, kisha akaangukia ndani, juu ya zege, na kupigapiga bawa moja mpaka likaacha.

"Bibi, mwewe amelala?" Chiriku aliuliza nyuma ya shuka.

"Amelala. Nenda kacheze kule."

Alimfunga kwenye gunia akampeleka jalalani mwenyewe. Kitu kilimgusa kifuani, kitu kisicho na jina, kama unapotoka nyumbani na kujua umesahau jambo na hulikumbuki. Alisimama katikati ya uchochoro akajaribu kulikumbuka. Kisha jirani akamsalimia, akaitikia, na likampotea.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa ya upepo, nzuri kwa kazi. Dobi alianika shuka zote za nyumba ya wageni, na paa likawa vyumba vyeupe vinavyopumua. Chiriku alikuwa upande wa tangi, anapika. Alikuwa na kopo lake la maziwa ya unga, mawe matatu ya kujifanyia jiko, na mchanga wa kutosha, na alikuwa akimweleza mtu asiyeonekana jinsi ya kuunga mchuzi.

"Sasa natia kitunguu. Usiguse, moto. Babu anakuja kula. Lo, nyama imekuja yenyewe! Nyama ya kweli. Ngoja nikatekate. Sasa naonja chumvi, kama bibi. Bado kidogo. Naonja tena."

Dobi alisikia hayo yote. Aliyasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani, na hata akatabasamu kwa "naonja kama bibi", maana yeye ndivyo alivyofanya jikoni, tone katikati ya kiganja kisha ulimi. Alikunjua shuka jingine, akalitandaza kambani, akatia kibanio, akatia kibanio cha pili. Upepo ulipiga. Kivuli kilipita.

Aligundua kwamba paa lilikuwa kimya.

Kwanza alishukuru, ndiyo, alishukuru, kwamba leo kidomodomo amechoka. Akalinyoosha lile shuka. Halafu mkono ukamganda juu ya kamba. Chiriku hachoki. Katika maisha yake yote mtoto yule hakuwahi kuchoka kabla ya mchana.

"Chiriku?"

Alipasua njia kati ya shuka, vibanio vikiruka. Mtoto alikuwa amekaa chini, ameegemea tangi, miguu imenyooka mbele. Mate yalikuwa yanamtiririka kidevuni mpaka kwenye gauni. Jasho lilimlowesha paji la uso. Aliinua macho, na mboni zake zilikuwa zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Ndani ya kopo, katikati ya mchanga, mlikuwa na vipande vya maini vyenye unga wa kijivu, na kimoja kilikuwa na alama za meno madogo.

Dobi aliangalia juu. Mwewe alikuwa anazunguka, mkia wake unapinda huku na huku, kucha zake tupu. Hapo ndipo alipokumbuka alichokuwa amekisahau.

Hakupiga kelele. Alimbeba mtoto, akashuka ngazi zote bila viatu, akakatiza uchochoro mpaka zahanati ya kona. Muuguzi aliyempokea alikuwa amevaa koti alilolifua yeye mwenyewe. Daktari alimfunua mtoto macho, akamsikiliza kifua, akageuka.

"Amekula sumu. Sumu gani? Zipo aina nyingi, mama, na kila moja ina dawa yake. Nikikosea sindano nitammaliza."

"Sijui jina lake. Anayo shemeji yangu."

Alimpigia simu. Aliweza kusema maneno matatu tu, "Lete ile dawa," na Fundi hakuuliza. Alikuja mbio akiwa ameshika pakiti, mikono yake ina grisi, na alipoingia na kumwona aliyelala kitandani, alikaa sakafuni. Daktari aliichukua pakiti mkononi mwake, akaisoma, akaita sindano. Kisha mlango ukafungwa.

Binti yake Dobi alifika na unga wa ngano mpaka viwikoni. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la ukumbi, wazee wawili. Hakuuliza polepole.

"Nani amempa mwanangu sumu?"

"Mimi," alisema Fundi. "Ni mimi, mwanangu. Niliwategea mwewe. Nilidhani juu ya bati hapafikiki. Mwewe ameokota akamdondoshea."

"Kwa ajili ya njiwa, baba mkubwa? Njiwa?"

Alimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake mkubwa, na Fundi aliyapokea yote, kichwa chini, kama anayenyeshewa. Alipomaliza, yule mzee aligeuka kumtazama Dobi. Hakumtazama kwa lawama. Alikuwa anaomba tu mtu wa kusema nusu neno kwa niaba yake.

"Shemeji," alisema, "walikuwa mwewe kweli, si ndiyo? Angalau sikutega bure?"

Nafasi ilikuwa hapo, imefunguliwa kama mlango. Dobi angeweza kusema: hapana, alikuwa kipanga, nilikudanganya, ungekata tawi moja na mtoto angekuwa anaongea sasa hivi. Alimwangalia binti yake, macho yake mekundu na unga umemkauka mashavuni, akawaza kwamba huyu ndiye pekee aliyebaki naye duniani, yeye na yule aliye nyuma ya mlango.

"Walikuwa mwewe," alisema.

Mchana wote na usiku wote Chiriku alipambana. Dobi alijikaza kisabuni, akaketi wima, akasali kwa maneno yale yale. Hakuomba asamehewe. Aliomba mtoto aseme kitu, neno lolote, hata la upuuzi. Alimwahidi Mungu kwamba hatamwambia tena anyamaze maisha yake yote.

Asubuhi homa ilishuka na mate yakakauka. Mtoto alifumbua macho, na mboni zilikuwa zimerudi ukubwa wake. Lakini alikuwa amekata kauli. Alimwangalia mama yake, akamwangalia bibi yake, na midomo yake ikabaki imefungwa. Daktari alikunja uso.

"Mwili umepona. Nataka kumsikia akiongea, nijue kichwa nacho kiko salama. Amwongeleshe kila mtu anayempenda."

Walimzunguka. Mama yake alimwimbia. Dobi alimtajia sabuni, beseni, kopo lake la kupikia. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, haruhusiwi kusogea na hajiruhusu, mpaka binti alipomwambia kwa uchovu, "Njoo nawe, baba mkubwa, jaribu." Alisogea akapiga magoti karibu na kitanda.

"Mwanangu, babu amewafungua njiwa wote leo asubuhi. Nimebomoa zile friji. Hakutakuwa na nyama tena juu ya bati. Sema na babu, hata unitukane."

Chiriku hakumtazama. Alikuwa anatazama dirishani. Nje, juu ya mapaa, njiwa waliokuwa hawana tena pa kurudi walikuwa wanazunguka katika kundi, na juu yao, kutoka upande wa mkaratusi, alitokea ndege mnene, mfupi, mwenye mkia mrefu ulionyooka. Alipiga mabawa upesi upesi, akaelea, akapiga tena.

Midomo ya mtoto ilisogea. Chumba kizima kiliacha kupumua.

"Kipanga," alisema Chiriku.

Mama yake alipiga yowe la furaha, akamkumbatia, akambusu macho, akacheka na kulia kwa pamoja. Daktari alitabasamu akaegemea ukuta. Dobi peke yake hakusogea.

"Babu," mtoto aliendelea, sauti yake kavu lakini ile ile, ya haraka, isiyo na breki, "yule si mwewe, hana panda. Yule ndiye anayekula njiwa wako juu ya tangi. Amemla Bibi Harusi."

Fundi aligeuza uso taratibu. Hakumtazama ndege. Alimtazama shemeji yake, na Dobi akaona macho ya yule mzee yakirudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka benchi la jana mpaka bakuli la maini, mpaka paa lenye shuka na lile neno moja.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo.

Chiriku alikuwa amejibana mdomo wa chini kwa vidole viwili, mahali pa kibanio, amekumbuka ghafla kitu alichokatazwa. Alimwangalia bibi yake kuomba ruhusa.

"Usiogope, mwanangu, sema," binti alimwambia, akimtoa vidole mdomoni na kuvibusu, machozi ya furaha yakimdondoka. "Sema tu. Sema yote."

Na Chiriku akasema.